Magofu ya Wamaya Yana Wenyewe

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imebeba masharti mawili ambayo aghalabu husahauliwa. Sharti la kwanza ni kwamba mgeni atambue kuwa nyumba aliyoiingia ina mwenyewe. Sharti la pili ni kwamba kuja kwake kumletee mwenyeji nafuu. Masharti hayo yakikosekana, aliyekuja hawi mgeni tena bali mpita njia, na pengine huwa mvamizi asiyejitambua.

Yafaa methali hiyo ikumbukwe kila zinapozungumzwa safari za Amerika ya Kati. Kwa zaidi ya nusu karne sasa, vijana kutoka Ulaya, Marekani, Kanada na Australia, na siku hizi kutoka pembe nyingine nyingi za dunia, wamekuwa wakienda huko kuyaona magofu ya Wamaya. Wengi husafiri peke yao. Kijana, wa kiume au wa kike, hutia nguo chache katika shanta, akaivaa mgongoni, akashukia kusini mwa Meksiko, na kutoka hapo akaifuata njia inayojulikana sana: Palenque katika jimbo la Chiapas, Tikal katika msitu wa Petén nchini Guatemala, kisha Copán nchini Honduras. Hulala katika nyumba za wageni za bei nafuu, hupanda mabasi makuukuu ambayo zamani yaliwabeba watoto wa shule huko Marekani, na hula sokoni. Safari ikiisha, hurejea kwao na picha nyingi na habari kwamba ameona mabaki ya taifa la ajabu lililotoweka.

Katika maneno hayo, neno "ajabu" ni la kweli. Neno "lililotoweka" ni uongo. Na uongo huo si kosa dogo la historia linaloweza kusahihishwa kwa kalamu nyekundu na kuachwa. Ni uongo uliowagharimu watu ardhi yao, haki zao na maisha yao.

Hapana sababu ya kupunguza sifa za magofu yenyewe. Hekalu refu kuliko yote katika Tikal, ambalo wataalamu huliita Hekalu la Nne, lina kimo cha mita 65 hivi. Lilijengwa katika karne ya nane na watu wasiokuwa na zana za chuma, wala mikokoteni, wala punda au ng'ombe wa kubebea mizigo. Kila jiwe la chokaa lilibebwa na binadamu. Huko Palenque, mfalme Pakal aliyetawala tangu mwaka 615 hadi 683 alizikwa chini ya hekalu, na kaburi lake halikuonekana tena hadi mwaka 1952, pale Alberto Ruz Lhuillier, mtaalamu wa mambo ya kale wa Meksiko, alipomaliza kuondoa kifusi kilichoziba ngazi za ndani. Huko Copán kuna ngazi ya mawe iliyochongwa herufi zaidi ya 2,000. Wamaya walihesabu kwa mafungu ya ishirini, walikuwa na alama ya sifuri, na waliendesha kalenda mbili kwa pamoja, moja ya siku 260 na nyingine ya siku 365.

Zaidi ya hayo, kila mwaka unaopita unaonyesha kwamba mahekalu ni sehemu ndogo tu ya kazi yao. Mwaka 2018 watafiti waliopima msitu wa Petén kutoka angani kwa miali ya leza walitangaza kwamba wameona alama za majengo zaidi ya 60,000, mengi yake hayakuwa yakijulikana. Ndani yake mlikuwa na nyumba za watu wa kawaida, barabara, ngome, mifereji na mashamba ya matuta. Watafiti hao wakakisia kwamba nyanda hizo ziliwahi kukaliwa na watu kati ya milioni 7 na milioni 11. Kwa hiyo aliyeyainua mahekalu hayo si mfalme pekee yake, ijapokuwa ni jina lake lililochongwa kwenye jiwe. Ni mkulima wa mahindi. Na mkulima huyo hajatoweka.

Ni kweli kwamba katika karne ya tisa miji mingi ya kusini ilianza kuachwa. Wataalamu hutaja ukame wa miaka mingi, vita kati ya miji, na kuchoka kwa ardhi. Jiwe la mwisho lenye tarehe huko Tikal ni la mwaka 869, na lile la Toniná ni la mwaka 909. Lakini kuhama mji si kufa kwa taifa. Miji ya kaskazini, hasa Chichén Itzá, iliendelea kustawi baada ya hapo. Wahispania walipoingia katika karne ya 16 hawakukuta magofu matupu. Walikuta watu, wakapigana nao kwa karibu miaka 200. Mji wa mwisho wa Wamaya waliokuwa huru, Nojpetén, ulitekwa mwaka 1697. Mji huo ulikuwa juu ya kisiwa katika ziwa Petén Itzá, na kisiwa hicho ndicho kinachoitwa Flores leo. Hapo ndipo msafiri mwenye shanta hulala usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda gari la Tikal. Hulala juu ya mji mkuu wa mwisho wa taifa, na asubuhi huondoka kwenda kutafuta taifa hilo msituni.

Sensa ya Guatemala ya mwaka 2018 ilihesabu watu zaidi ya milioni 6 waliojitambulisha kuwa Wamaya, yaani kama 42 katika kila watu 100 wa nchi hiyo. Wengine wako Meksiko na Belize. Lugha zao zafikia 30 hivi, na kwazo watu hufundisha watoto, hufanya biashara, husali na hutangaza redioni. Mwanamke amwuziaye msafiri mkate wa mahindi kituoni huzungumza na mwenzake Kik'iche', Kimam au Kiq'eqchi', lugha zilizo za ukoo mmoja na ile iliyochongwa katika ngazi za Copán. Msafiri humlipa, hupokea chenji, kisha hufungua kitabu chake cha mwongozo wa safari kusoma habari za watu waliotoweka.

Je, uongo huo ulizaliwaje? Ulizaliwa kwa moto. Mwezi wa Julai, mwaka 1562, padri Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya hadharani katika mji wa Maní, huko Yucatán, kwa madai kwamba vilijaa mambo ya shetani. Kati ya vitabu vyote vya kale vya taifa hilo, vinavyojulikana leo ni vinne tu. Vitatu viko Dresden, Madrid na Paris. Cha nne kiko Meksiko. Ndiyo desturi ya kutawaliwa: kwanza mtu hunyang'anywa kitabu chake, kisha huambiwa kwamba hana historia.

Baada ya kitabu yakafuata mawe. Mwaka 1839 John Lloyd Stephens, msafiri kutoka Marekani, alifika Copán pamoja na mchoraji Mwingereza Frederick Catherwood, na akaununua mji huo mzima wa magofu kwa dola 50. Haki itendeke kwa Stephens: alisisitiza kwamba miji ile ilijengwa na mababu wa wenyeji aliowakuta, wala haikujengwa na wageni kutoka ng'ambo. Lakini wengi hawakutaka kusikia hivyo. Walitajwa Wamisri, wakatajwa Wafoinike, yakatajwa makabila ya Israeli yaliyopotea. Hata katika karne ya 20, mwaka 1968, Erich von Däniken aliuambia ulimwengu kwamba mchongo ulio juu ya jeneza la Pakal ni picha ya mtu akirusha chombo cha angani. Ilionekana ni rahisi zaidi kuamini viumbe wa kutoka nyota nyingine kuliko kuamini kwamba babu wa mkulima mweusi wa nywele, mfupi wa kimo, aliyesimama pale na panga lake, aliweza kujenga.

Na asiyekuwepo haombwi ruhusa. Mwaka 1894 Edward Thompson, balozi mdogo wa Marekani katika Yucatán, alinunua shamba ambalo ndani yake mlikuwamo mji wa Chichén Itzá. Akakikwangua kisima kitakatifu cha mji huo, na vito, dhahabu na mifupa iliyopatikana ikapelekwa katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard. Sehemu ya vitu hivyo ilirudishwa Meksiko baada ya miongo mingi. Sehemu nyingine haikurudi. Ardhi yenyewe ya Chichén Itzá iliendelea kuwa mali ya watu binafsi hadi mwaka 2010, serikali ya jimbo ilipoinunua.

Kuna mtu mmoja ambaye habari zake zingewafaa sana wasafiri wote. Yuri Knorozov alikuwa mtaalamu wa Kisovieti aliyefanya kazi Leningrad. Mwaka 1952 alichapisha makala iliyofungua mlango wa kusoma maandishi ya Wamaya, akionyesha kwamba alama nyingi husomwa kwa silabi. Alitumia nakala za vile vitabu vichache vilivyonusurika, na maelezo ya herufi yaliyoachwa na Landa huyo huyo aliyechoma vitabu. Knorozov hakukanyaga ardhi ya Wamaya hadi mwaka 1990. Kwa karibu miaka arobaini aliyafahamu maneno ya watu ambao hakupata kuwaona, ilhali maelfu kwa maelfu waliziona piramidi zao wasifahamu hata neno moja. Macho pekee hayatoshi. Mtu anaweza kwenda mbali kwa miguu na akili yake ikabaki kizingitini.

Lakini hasara kubwa ya uongo huu haikuwapata wasomi wala watalii. Iliwapata Wamaya wenyewe. Mwaka 1954 serikali ya Jacobo Árbenz nchini Guatemala, iliyokuwa imeanza kugawa ardhi kwa wakulima, ilipinduliwa kwa njama za shirika la ujasusi la Marekani. Vita vya ndani vikaanza mwaka 1960 na kuendelea hadi mwaka 1996. Tume ya kuchunguza ukweli, iliyoundwa chini ya Umoja wa Mataifa, ilitoa taarifa yake mwaka 1999. Ilikadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walichukuliwa wasionekane tena. Katika kila waathirika 100 waliotambuliwa kikamilifu, 83 walikuwa Wamaya. Vikosi vya dola vilitajwa kuhusika na mauaji ya halaiki 626, na tume ikasema wazi kwamba kati ya mwaka 1981 na 1983 jeshi lilitenda vitendo vya mauaji ya kimbari dhidi ya makundi ya Wamaya.

Sasa msomaji na atafakari jambo hili. Katika nchi hiyo hiyo, noti ya nusu quetzal ilikuwa na picha ya hekalu la Tikal upande mmoja, na upande wa pili sura ya Tecún Umán, shujaa wa Wak'iche' aliyepambana na Wahispania. Mmaya aliyekufa aliwekwa kwenye fedha. Mmaya aliye hai alichomewa kijiji. Huo ndio mwisho wa kulipenda gofu na kumsahau mwenye gofu. Dola iliweza kujivunia mawe na kuwaangamiza watu kwa mkono mmoja, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwatenganisha.

Wamaya hawakunyamaza. Rigoberta Menchú, mwanamke wa Kik'iche' ambaye baba, mama na ndugu zake waliuawa, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1992. Mwaka 2013 jenerali Efraín Ríos Montt, aliyekuwa mtawala wa nchi mwaka 1982 na 1983, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Waixil. Hukumu hiyo ilitenguliwa baada ya siku chache, naye akafa mwaka 2018 kesi yake ikiwa haijaisha. Hata hivyo, mashahidi walikuwa wamekwisha kusimama mahakamani na kueleza yaliyowapata kwa lugha yao wenyewe ya Kiixil. Taifa lililotoweka halitoi ushahidi.

Pengine itasemwa kwamba mambo hayo ni ya majenerali na hayamhusu kijana mwenye shanta. La hasha, yanamhusu hata langoni anapokata tiketi. Mwezi wa Septemba, mwaka 2008, wakulima wa kijiji kilicho jirani na magofu ya Chinkultic, huko Chiapas, walilitwaa lango na kuanza kutoza kiingilio wenyewe. Walidai kwamba wageni wanapita, fedha zinapita, na kijiji kinabaki kilivyo. Tarehe 3 Oktoba polisi waliingia kijijini, na wakulima sita wakauawa. Tiketi ya kuingilia kwenye magofu, basi, si karatasi tupu. Ni swali kuhusu nani mwenye mali, na nani anayekula jasho la babu yake.

Haifai, hata hivyo, kumfanya msafiri huyu kuwa adui. Tena katika mambo kadhaa yeye ni bora kuliko watalii wa makundi, wanaochukuliwa asubuhi kwa mabasi ya fahari kutoka mahoteli ya Cancún, wakaonyeshwa Chichén Itzá kwa saa mbili, wakarudishwa ufukweni kabla ya jua kuchwa. Fedha za hao huishia kwenye kampuni. Fedha za msafiri mwenye shanta, ingawa ni kidogo, huanguka mkononi mwa mama ntilie, dereva na mwenye nyumba ndogo ya wageni. Na kusafiri peke yake kunahitaji ushupavu, hasa kwa wanawake, ambao hulazimika kupima kila njia na kila saa ya usiku. Mtu aliye peke yake pia ana nafasi ambayo kundi halina: hana budi kuuliza, na anayeuliza huweza kujibiwa.

Ubaya huja pale upweke unapogeuzwa kuwa majivuno. Wapo wanaosafiri ili waseme walifika bila msaada wa mtu. Jambo hilo halijapata kutokea. Mfano mzuri ni El Mirador, mji wa kale ulio ndani kabisa ya msitu wa Petén. Hauna barabara ya magari. Anayetaka kufika kwa miguu kutoka kijiji cha Carmelita hutembea kama siku mbili, akiongozwa na wanakijiji wanaojua mahali pa maji, huku nyumbu wao wakibeba chakula na vyandarua. Wanakijiji wa Carmelita, kama wale wa Uaxactún kaskazini mwa Tikal, wana mkataba na serikali wa kuusimamia msitu unaowazunguka. Huvuna mbao kwa kiasi, majani ya mapambo na utomvu wa mti wa chikle, na huwaongoza wageni. Penye mkataba wa namna hiyo, methali ya wahenga hutimia: mgeni amekuja, na mwenyeji amepona.

Mambo hayo hujipima pia sokoni. Blauzi ya kufumwa iitwayo huipil humchukua mwanamke wa Kimaya wiki nyingi, pengine miezi, na michoro yake hueleza kijiji alikotoka. Msafiri aliyetumia mamia ya dola kwa nauli ya ndege husimama mbele yake akapunguza bei hadi ya mwisho, kisha akajisifu jioni kwa wenzake. Tangu mwaka 2016 wanawake wafumaji wa Guatemala wamekuwa wakidai kwamba sheria iitambue michoro hiyo kuwa mali ya jamii zao, ili viwanda visiinakili bure. Madai hayo ni ya haki. Mchongo wa Copán ukilindwa na sheria za dunia, kwa nini mchoro uliofumwa na mjukuu wa mchongaji usilindwe?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hizi si ngeni. Mawe ya Zimbabwe Kuu yalisemwa na walowezi kuwa kazi ya Wafoinike au ya Malkia wa Sheba, ingawa utafiti wa mwaka 1905, na tena wa mwaka 1929, ulikwisha kuthibitisha kwamba waliojenga ni Waafrika. Wananchi walipojikomboa mwaka 1980 waliipa nchi yao jina la mawe hayo, na shauri likaisha. Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, nayo ilielezwa kwa muda mrefu kana kwamba ililetwa na jahazi kutoka ng'ambo, ikiwa tayari na kuta zake. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba miji ya pwani ilikua kutokana na jamii za papo hapo, zilizofanya biashara na ulimwengu. Hata hivyo, wapo wanafunzi wanaopelekwa Kilwa au Kaole, wakahesabu makaburi na nguzo, wakarudi bila kuzungumza na mvuvi hata mmoja wa mahali hapo.

Mwalimu, basi, ana kazi hapa. Anapofika kwenye somo la Wamaya, asiseme "walikuwa" akakomea hapo. Aseme walijenga, walitekwa, walichomewa vitabu, waliuawa, na wapo. Ofisa anayesimamia mambo ya kale au utalii naye ana kazi: kabla ya kujenga uzio kuzunguka gofu, aulize ni nani atakayebaki nje ya uzio huo. Na kijana yeyote wa hapa atakayejaliwa siku moja kuvaa shanta na kufika Tikal, apande ngazi, astaajabu, apige picha. Kisha ashuke, amtafute mwenye mahali, amsalimu, amuulize habari za mahindi ya mwaka huu, na amlipe haki yake bila kunung'unika. Magofu yana wenyewe, na wenyewe wako hai.